Naombeni ushauri: nimalizeje mchezo wangu wa Msiri na Maria?

Mwandishi_Lshi
Hamjambo wote. Niko Lubumbashi, naandikia kikundi cha vijana wa parokia yetu mchezo wa kuigiza juu ya Mwami Msiri, mfalme wa Wayeke wa Garenganze (huku Katanga), na Maria de Fonseca, mke wake aliyetoka upande wa Angola. Sehemu tatu za kwanza zimesimama. Bunduki na baruti zinafika Bunkeya, mji mkuu wa Msiri, kwa misafara ya Coimbra, ndugu yake Maria. Shaba, pembe na watu vinaondoka kwenda Benguela. Na Maria mwenyewe anakabidhiwa kwa mwami kama muhuri wa mapatano. Hapo katikati nimeweka mapenzi, kwa sababu siamini kwamba kati ya wale wawili palikuwa na biashara tu.

Tatizo ni mwisho. Tarehe 20 Desemba 1891 kapiteni Bodson anampiga Msiri risasi, kisha Mukanda-Bantu, mrithi wake, anakalia kiti. Masimulizi yanasema Maria aliuawa baadaye kwa usaliti, eti alikuwa akisemezana na wazungu kwa siri. Mimi nataka siri yake iwe nyingine: aliona mwami atakufa akizidi kuikataa bendera yao, akatafuta njia ya kumwokoa bila yeye kujua. Kuna watu wameomba kuusoma kabla haujachezwa, na usingizi sina. Niwape Maria msaliti au Maria wangu?

Mwalimu_Kenya
Dada, kabla ya Maria mweke sawa Msiri. Hakukataa kwa kiburi tu. Mwaka 1890 Alfred Sharpe alimletea karatasi kwa niaba ya kampuni ya Mwingereza Rhodes, akarudi mikono mitupu. Mwaka uliofuata akaja Stairs, pamoja na huyo Bodson, kwa ajili ya Leopold II, mfalme wa Wabelgiji. Wakati huo Wasanga, wenyeji waliokuwa chini ya Msiri, wameshaasi, chakula hakuna. Weka njaa jukwaani! Watu wanaiandika Bunkeya kama jumba la sherehe. Na vile vichwa vya watu vilivyotundikwa kwenye boma, ambavyo wamisionari waliviona, usivifiche. Mwanamke anayempenda mtu wa namna hiyo ana kitu cha kutueleza.

Mtu_wa_Tabora
Salamu kutoka Tabora. Mnamwita wenu, lakini Msiri ni mtoto wa huku, baba yake Kalasa alikuwa akifuata shaba Katanga. Hata kwetu ndoa ilikuwa daraja la biashara. Babu yangu aliozwa binti wa mshirika wake wa chumvi, hawakuwa wameonana hata mara moja. Bibi alikuwa na mtu wake kijijini na akakaa kimya mpaka babu alipofariki. Tulipomuuliza kama alimpenda babu alikasirika kabisa, akasema ninyi watoto mnauliza maswali ya watu walioshiba. Mwandikie Maria mstari kama huo.

Dada_Katuba
Miye naona hii haiko mambo ya teatre. Bale batu baliomba kusoma ni banani? Kikundi cha parokia kinaonyesha mchezo, batu banapiga makofi, banaenda kula bukari kwabo. Sasa juu ya nini hulali?

Mwandishi_Lshi
@Dada_Katuba ni familia moja tu inayopenda historia.

Dada_Katuba
Familia gani?

Mwandishi_Lshi
Ya mchumba wangu. Wao ni Wayeke, ukoo wa kule Bunkeya kwenyewe. Baba yake mdogo ndiye aliyeomba nakala, alisikia kwamba mkwe mtarajiwa anaandika juu ya mzee wao. Kila tarehe 20 Desemba wanamkumbuka Msiri kule, na wangependa tukautoe huko. Kwangu ni heshima kubwa. Nakala nimeshampelekea, na Maria ni yule wangu.

Mama_Ruashi
Mwanangu, kama nakala umeshapeleka, unatuomba ushauri wa nini? Bibi harusi haingii kwa wakwe na kalamu mkononi. Unaingia na kitambaa kichwani, unapiga magoti, unaonja chakula cha mama mkwe, unasema ni kizuri. Ya mababu zao unawaachia wenyewe. Miye niliolewa kwa Waluba nikiwa Mbemba, miaka mitatu ya kwanza nilifunga mdomo, na leo hakuna kikao cha familia kinachoanza kabla sijafika.

Mwandishi_Lshi
Mama, nakuheshimu, lakini mchezo ulikuwepo kabla ya posa. Siwezi kumfanya Maria msaliti ili baba mkwe afurahi. Yule mama alikufa bila mtu wa kumsemea, na sasa mtu amepatikana.

Mzee_Kamalondo
Binti, nimefanya kazi na Wayeke, ni watu wa heshima na kumbukumbu ndefu. Mzee Munongo, aliyekuwa waziri wa mambo ya ndani wa Katanga mwaka 1960, alikuwa wa ukoo huo, na mpaka leo unaweza kukaa nao jioni nzima wakikuhesabia mababu. Watasamehe mapenzi jukwaani. Lakini watataka kujua anayeandika ni mtoto wa nani. Wewe ni mtu wa wapi?

Mwandishi_Lshi
Nimezaliwa Likasi.

Mzee_Kamalondo
Likasi wamezaliwa watu wa kila aina. Baba yako ni mtu wa wapi?

Mwandishi_Lshi
Baba yangu ni Msanga. Watu wa chifu Mpande.

Najua mtakachosema. Kwa mchumba wangu sikudanganya. Aliuliza kwetu ni wapi nikasema Likasi, akasema mama yangu anaongea kama watu wa kwao, nikasema ndiyo, maana upande wa mama kuna Wayeke kweli. Kisha yeye mwenyewe akaenda kuwaambia wazee kwamba amepata binti wa nyumbani. Walifurahi mno. Ningesimama katikati ya furaha ile niseme hapana, babu zangu ndio walioasi? Sasa siku ya dote (mahari) imepangwa, wajomba wanatafuta hata misalaba ya shaba ya zamani, ile iliyokuwa pesa ya mababu, ya kuweka mezani pamoja na mbuzi na pesa, kwa heshima ya desturi. Na siko peke yangu mwenye kabila mbili hapa mjini.

Dada_Katuba
Eeeh! Sasa minaelewa. Maria ni weye.

Mwandishi_Lshi
Maria ni Maria.

Msomaji_Kolwezi
Jamani, mimi siamini hata kidogo. Mke mwenye siri ndani ya mchezo, mwandishi mwenye siri nje ya mchezo, Msanga anaolewa Bunkeya, tarehe 20 Desemba, misalaba ya shaba juu ya meza? Huu uzi ndio mchezo wenyewe. Anatupa sehemu moja moja aone tunashtuka wapi. Hiyo sehemu ya nne tunamwandikia sisi.

Mtu_wa_Tabora
Hata kama ni hadithi, bibi yangu nimemtoa bure? Lakini naamini ni kweli. Mtunzi angesema siri yake mwenyewe mapema, huyu tumemvuta kwa kamba.

Mwalimu_Kenya
Tumpime. Dada, kutoka Likasi kwenda Bunkeya unapita wapi?

Mwandishi_Lshi
Lwambo, mwalimu. Tena Lwambo ndiko kwa babu yangu. Kila mchumba wangu akinipeleka kwao tunapita mbele ya nyumba ya shangazi yangu, na mimi nainamisha kichwa kama natafuta kitu kwenye mkoba. Msomaji_Kolwezi, kama ningekuwa natunga, hilo ningelifuta.

Msomaji_Kolwezi
Haya, hilo la mkoba limenigusa. Bado nina shaka.

Mzee_Kamalondo
Mwacheni. Binti, Wasanga na Wayeke wameoana tangu enzi za Msiri mwenyewe, nyumba nyingi za Likasi ni ushahidi. Damu yako haitavunja ndoa. Itakayovunja ni siku wazee wa kwenu watakaposimama kupokea dote, na baba mdogo wa kijana amfahamu mmoja wao. Wazee wa Bunkeya na Lwambo wanajuana kwa sura.

Mwalimu_Kenya
Na kwa mchezo, Wasanga wako wapi? Umetaja Angola, Ubelgiji, wamisionari. Waasi wenyewe umewapa mistari mingapi?

Mwandishi_Lshi
Hawamo. Wanasikika kwa mbali tu, ngoma.

Mwalimu_Kenya
Basi sehemu ya nne unayo. Mlete Msanga mmoja ndani ya boma, aseme kwa nini waliasi, na Maria amsikilize.

Mwandishi_Lshi
Baba mdogo akikisoma hicho atajua mara moja.

Mwalimu_Kenya
Ndiyo.

Mwandishi_Lshi
Maria simbadilishi, hilo nimeamua. Msanga nitamwandika usiku huu. Mchumba wangu nitamwambia Jumapili tukitoka misa, mimi mwenyewe, kabla nakala mpya haijafika kwao.

Mama_Ruashi
Jumapili ni mbali, mwanangu. Yuko na simu, mwite leo, akuje parselini, pale nyumbani kwenu, na baba yako akuwe amekaa hapo.