Mjadala: Dumu la lita 20 kichwani, ni kweli akina mama "wamezoea"?

Mleta mada:
Kila tukidai bomba la maji kijijini, hakosi mtu wa kusema akina mama wamezoea, dumu haliwachoshi. Siku hizi wanaleta na sayansi. Sayansi hiyo ipo, ila wao wanaikatisha njiani.

Mwaka 1986 Profesa Maloiy wa Nairobi na wenzake walichapisha vipimo vya oksijeni waliyoitumia akina mama wa Kiluo, wanaobeba kichwani, na wa Kikuyu, wanaobeba mgongoni kwa mkanda wa kwenye paji la uso. Mzigo usiozidi asilimia 20 ya uzito wa mwili haukuwaongezea matumizi ya nguvu hata kidogo. Siri iko kwenye mwendo. Ukitembea, mwili hupanda kidogo juu ya mguu uliokanyaga, kisha hushuka kwenda mbele, na ule mshuko hurudisha sehemu ya nguvu iliyotumika kupanda. Kinachopotea, misuli inafidia. Mama aliyebeba tangu utotoni, akiwa na mzigo, hupoteza kidogo kuliko sisi. Huo ni ufundi, nauheshimu sana.

Lakini pigeni hesabu. Mama wa kilo 60, asilimia 20 yake ni kilo 12. Dumu la lita 20 likijaa linazidi kilo 20. Kilo nane na ushee za juu anazilipia kwa jasho, tena pengine anapanda kilima na mtoto mgongoni.

Mchangiaji:
Kaka, bibi yangu alibeba hadi uzeeni na hatukumsikia akilalamika. Badala ya kungoja bomba miaka na miaka, si heri tuwape madumu ya lita 10?

Mleta mada:
Dada, lita 10 maana yake safari mbili badala ya moja, na familia ni ileile. Na mtu kunyamaza si kipimo. Utafiti wa wanawake wa Kixhosa, Afrika Kusini, uliochapishwa 2010, ulionyesha kwamba si wote walio na nafuu hiyo. Walitofautiana mno, na kubeba kichwani kuliwaumiza shingo. Anayepinga bomba kwa sababu ya bajeti, alete bajeti tuijadili. Hii ya "wamezoea" naikataa kabisa.

Nawauliza na wengine: kwenu, kamati ya maji iliwahi kuwauliza wabebaji wenyewe kituo cha kuchotea kikae wapi?