Kanisa ni "nguzo na msingi wa kweli": je, maana yake mahubiri hayahojiwi?

SautiYaPili

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Naomba mnisaidie kwa maandiko, matusi kwa watumishi siyataki kwenye uzi huu.

Jumapili mchungaji wetu alihubiri 1 Timotheo 3:15, pale kanisa linapoitwa nguzo na msingi wa kweli. Alieleza hivi: kanisa ndilo linaloshika kweli, mchungaji ndiye msemaji wa kanisa, kwa hiyo kinachotoka madhabahuni ni kweli na kazi ya muumini ni kusema amina. Kisha, ndani ya mahubiri yaleyale, akaingia kwenye uponyaji. Akasema Mkristo mwenye imani haugui, na ukijiona unaugua kila mara ujichunguze, aidha umeficha dhambi au imani yako bado changa.

Mimi ni mwanakwaya. Kiti cha pembeni yangu anakaa dada mwenye selimundu, ule ugonjwa wa damu, amezaliwa nao. Watu wa safu mbili za mbele waligeuka kumtazama. Tulipoitwa kuimba hakuinuka, alibaki ameshika karatasi ya nyimbo imegeuzwa chini juu.

Katikati ya wiki kwenye kikundi cha Biblia niliuliza kwa adabu kama fundisho lile lina msingi. Mzee mmoja akanikata: "Usimguse mpakwa mafuta wa Bwana." Mjadala ukafungwa kwa sala.

Sitafuti kuasi, kanisa langu nalipenda. Ila nataka kujua: mstari ule unamaanisha alivyosema? Kama kanisa ni nguzo ya kweli, mimi muumini wa kawaida nina haki gani ya kuuliza?

---

ChumviKavu

Hama. Makanisa siku hizi yamejaa wafalme wadogo, kila mmoja na kiti chake. Kweli iko ndani ya Biblia, si ndani ya jengo. Kaa nyumbani kwako, fungua, soma, omba. Mungu hahitaji msemaji.

---

MwalimuMstaafu

SautiYaPili, amani kwako. Nimefundisha darasa la kipaimara miaka mingi, na mtu akiniletea mstari mmoja namrudisha akasome barua yote kwanza. Timotheo wa Kwanza ni sura 6 tu, dakika 20 kwa sauti umemaliza. Nakuomba uisome hivyo leo jioni, kwa sababu mchungaji wako amechomoa mstari kutoka katika barua ambayo yenyewe inamkatalia.

Nianze na ugonjwa maana ndipo penye jeraha. Aliyeandika 3:15 ndiye aliyeandika 5:23, na hapo anamwambia Timotheo asinywe maji tu, atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake na magonjwa yanayompata mara kwa mara. Mara kwa mara! Huyu ndiye kijana aliyeachwa Efeso ili awazuie watu wasifundishe elimu nyingine (1:3), yaani ndiye mlinzi wa kweli mwenyewe, na tumbo linamsumbua. Paulo hamwambii akatubu. Hamwambii imani yako changa. Anampa kile ambacho watu wa wakati ule walikitumia kama dawa. (Habari ya mvinyo tusiianze hapa tafadhali, nawajua, uzi utaishia huko.)

Na kumbuka mji wenyewe. Ni Efeso hiyohiyo ambako Matendo 19:12 inasema leso zilizogusa mwili wa Paulo zilipelekwa kwa wagonjwa wakapona. Kwa nini hakumtumia Timotheo leso? Sijui mtu anayefundisha kama mchungaji wako anajibu nini hapo. Mungu huponya, hilo nalikiri na nimeliona. Lakini mtume yuleyule alimwacha mwenzake Trofimo mgonjwa kule Mileto (2 Timotheo 4:20), na kuhusu mwenzake mwingine, Epafrodito, anaeleza kwamba aliugua hata kuwa karibu na kufa kwa ajili ya kazi ya Kristo (Wafilipi 2). Hakuna hata mmoja wao aliyeambiwa amejificha na dhambi.

Sasa nguzo. Efeso palikuwa na hekalu la Artemi, mungu wa kike wa Wagiriki, na Plinio, mwandishi wa Kirumi wa karne ya kwanza, anataja nguzo zake 127. Waumini wa pale walipita mbele ya nguzo hizo. Kila mmoja wao aliona kwamba nguzo inabeba kitu ambacho si chake, na nguzo ikianza kupinda, paa halifuati maoni yake, linaanguka. Paulo anasema kanisa ndilo lililopewa kazi hiyo. Ni heshima kubwa, siipunguzi hata kidogo. Tatizo la mahubiri mliyosikia ni kwamba yaliishia mstari wa 15. Ukiendelea na wa 16 unakuta kile kinachobebwa: yeye aliyedhihirishwa katika mwili, akaonekana na malaika, akahubiriwa katika mataifa, akaaminiwa katika ulimwengu, akachukuliwa juu katika utukufu. Ni Kristo mwanzo hadi mwisho. Hakuna neno kuhusu kila kitakachosemwa na kila atakayesimama mimbarini.

Rudi nyuma kidogo uone na kilichotangulia. Sura ya 3 yote hadi hapo ni sifa za askofu na shemasi: asiwe mlevi, asiwe mgomvi, asiwe mpenda fedha, ajue kufundisha, asiwe aliyeongoka karibuni asije akajivuna. Kama maneno ya kiongozi yangekuwa kweli kwa sababu tu ya kiti alichokalia, orodha hiyo ya nini? Halafu 5:19 na 20 zinaweka utaratibu wa kumshitaki mzee wa kanisa: mashahidi wawili au watatu, na anayedumu katika dhambi akemewe mbele ya wote. Utaratibu huo umo ndani ya barua ileile ya "nguzo na msingi".

Na wazee wa Efeso walikwisha kuonywa uso kwa uso. Matendo 20:30, Paulo yuko nao Mileto, anaagana nao, anawaambia kwamba katika ninyi wenyewe watainuka watu wakisema mapotovu. Aliwatazama wachungaji akasema "katika ninyi".

Habari ya mpakwa mafuta. Zaburi 105:15 inazungumzia Ibrahimu, Isaka na Yakobo walipokuwa wachache na wageni, na wanaoonywa wasiwaguse ni wafalme. Yaani andiko la kuwalinda wanyonge dhidi ya wakubwa limegeuzwa likawa la kuwalinda wakubwa dhidi ya maswali. Mzee wenu huenda alimkumbuka Daudi pangoni, 1 Samweli 24. Vema, tusome. Daudi alikataa kumwua Sauli kwa kuwa ni masihi wa Bwana, yaani mpakwa mafuta wake. Kisha akatoka pangoni, akamwita kwa sauti, akamwinamia mpaka chini, akamweleza mbele ya watu wake kwamba anamwonea, na "BWANA atuamue mimi na wewe". Hakumgusa. Na hakunyamaza.

ChumviKavu, nawe usikimbie. Biblia hiyo unayotaka kwenda kuisoma peke yako ilinakiliwa kwa mkono karne baada ya karne na watu wa kanisa, ikatafsiriwa na watu wa kanisa, na naamini aliyekufundisha kuipenda hakuwa ukuta wa chumba chako. Paulo aliwaandikia watu wanaokusanyika.

---

RozariMkononi

Mwalimu, mimi ni Mkatoliki na nimesoma kwa furaha, ila naona umeacha mlango wazi. Ukimwambia kila muumini apime, nani atakayepima vipimo? Ario, aliyefundisha kwamba Mwana aliumbwa na si sawa na Baba, naye alikuwa padre wa Aleksandria, na alikuja na maandiko mkononi: Mithali 8:22, Yohana 14:28. Alisoma vizuri tu! Aliyemjibu hakuwa mtu mmoja na Biblia yake sebuleni. Maaskofu walikusanyika Nikea mwaka 325 wakakiri kwamba Mwana ni wa asili moja na Baba, na ninyi Waprotestanti mnaikiri Imani ya Nikea hadi leo. Hata orodha ya vitabu 27 vya Agano Jipya kama tulivyo navyo, barua ya kwanza tunayoijua yenye orodha hiyo kamili ni ya askofu wa Aleksandria, Mtakatifu Athanasi, mtetezi wa Nikea, ya Pasaka ya mwaka 367. Hiyo ndiyo nguzo ikifanya kazi.

Kwa SautiYaPili: hata sisi tunaosisitiza mamlaka ya kufundisha hatufundishi alichosema mchungaji wako. Mtaguso (mkutano mkuu wa maaskofu) wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya mwaka 1965 kuhusu Ufunuo wa Mungu, unasema mamlaka hayo hayako juu ya Neno la Mungu bali hulitumikia, yakifundisha kile tu kilichopokelewa. Mhubiri mmoja, Jumapili moja, si kanisa zima.

---

MwalimuMstaafu

Rozari, asante, na Nikea sitakugombania. Ila usiishie 325 kama mchungaji wa SautiYaPili alivyoishia mstari wa 15.

Baada ya Nikea upepo uligeuka. Mwaka 359 kule Rimini maaskofu kwa mamia walibanwa na mfalme hadi wakasaini tamko lililoachana na lugha ya Nikea. Athanasi alifukuzwa uaskofu wake mara tano, na alikufa mwaka 373, kabla Mtaguso wa Konstantinopoli wa 381 haujaithibitisha imani aliyoitetea. Kwa hiyo kanisa liliishika kweli, ndiyo, lakini katikati ya safari wengi wa wenye viti walikuwa upande wa pili, na ilishikwa na watu waliokataa kusema amina.

Na mfano tunaoupenda ninyi na sisi, Matendo 15, pale walipojadili kama waumini wa Mataifa lazima watahiriwe, unaanza na "hoja nyingi". Mitume wenyewe walihojiana. Petro akaeleza alichoona kwa Kornelio, mtu wa Mataifa, Barnaba na Paulo wakaeleza waliyoyaona, Yakobo akafungua nabii Amosi. Ndipo wakaandika kwamba ilimpendeza Roho Mtakatifu na sisi. Huyo Petro ndiye Paulo aliyempinga uso kwa uso Antiokia, mbele ya wote, alipoacha kula na watu wa Mataifa (Wagalatia 2). Sijaona mahali Petro alipojibu "usiniguse".

---

RozariMkononi

Nakubali kuhusu Rimini. Lakini ona na hili: Athanasi hakuanzisha kanisa lake. Mara tano anafukuzwa, na kila alipopata nafasi alirudi Aleksandria kwa watu walewale. Nadhani hilo linamhusu SautiYaPili kuliko mitaguso yote niliyoitaja.

---

ChumviKavu

Athanasi alikuwa askofu, jamani. Huyu ni sauti ya pili kwenye kwaya. Akinyanyua mdomo tena wanamtoa kwenye huduma na maisha yanaendelea.

---

SautiYaPili

Nimesoma barua yote jana usiku, Mwalimu. Sura ya 5 nimeirudia. Nimeona pia 5:1 inasema mzee asikemewe bali aonywe kama baba, kwa hiyo ninabanwa pande zote mbili.

ChumviKavu yuko sahihi kwamba mimi si kitu pale. Na kuna jambo sikuandika mwanzo: yule dada ameanza kusema labda aache dawa kwa muda "aone imani yake". Sasa nisubiri mpaka mchungaji akubali, au nifanye nini kwanza?

---

MwalimuMstaafu

Hapo hakuna kusubiri. Habari ya dawa haipitii kwa mchungaji wala kwa kikundi cha Biblia. Nenda kwake leo, si kesho, umsomee 5:23 kutoka Biblia yake mwenyewe, umwambie mtume alimwambia mtu wa Mungu atumie dawa, na asiache chochote bila kuongea na daktari wake. Ukiona anasita, nenda naye kliniki. Mwambie na mtu wa nyumbani kwake anayemwamini.

Mchungaji ni hatua ya pili. Mathayo 18:15, wewe na yeye peke yenu, kwa heshima ile ya 5:1 uliyoiona mwenyewe, kama unavyoongea na baba. Mzee aliyekukatiza kwenye kikundi usimtaje kabisa, mtaishia kugombana juu ya nani alimkosea nani. Usianze na nguzo, usianze na mpakwa mafuta. Anza na dada: mwambie kuna muumini wako anataka kuacha dawa kwa sababu ya mahubiri yale. Mchungaji mwenye moyo wa uchungaji akisikia hilo, hoja nusu imekwisha. Kisha fungua 5:23, umwombe yeye ndiye aisome kwa sauti, na unyamaze umsikilize.

Asiposikia, rudi na wawili, ikiwezekana wazee wa kanisa. Akisikia, muombe jambo moja tu: kwa kuwa alilisema mbele ya watu wote, alirekebishe mbele ya watu wote, Jumapili, kwa kipaza sauti kilekile.