MJADALA: Stesheni ya Maktau na reli ya Voi–Taveta: ing'olewe, ihifadhiwe, au treni irudi?

Tuta la Reli (mleta hoja)

Nawasalimu nyote. Suala la reli ya Voi–Taveta, iliyolala bila treni huku kusini mwa Kenya, pamoja na stesheni yake ya Maktau, linazungumzwa vipande vipande. Kuna wanaotaka chuma kiuzwe, kuna wanaotaka stesheni iwe makumbusho ya vita, na kuna wanaosubiri treni. Njia ni moja, na uamuzi wa upande mmoja unawafunga wengine wote. Tuulizane pamoja.

Kwa asiyeijua: Agosti 1914 Wajerumani walivuka mpaka wakaishika Taveta. Waingereza walipotaka kuwatoa, kikwazo cha kwanza kilikuwa nyika kati ya Voi na Taveta, haina maji. Mapema 1915 wakaanza kutandika reli ya upana wa mita moja kutoka Voi, kazi ikifanywa na kampuni za reli za jeshi la India. Ilipofika Maktau katikati ya mwaka huo ikasimama kwa miezi. Maktau ikawa kambi kubwa, maji yakiletwa kwa bomba kutoka milima ya Bura. Mbele kidogo, Mbuyuni, shambulio la Waingereza la tarehe 14 Julai 1915 lilishindwa. Tarehe 12 Februari 1916 wanajeshi wa Afrika Kusini wakapigwa kwenye kilima cha Salaita. Machi Taveta ikakombolewa, reli ikasogezwa hadi Kahe, upande wa Tanzania ya leo, na kuungana na njia ya Wajerumani kutoka Tanga, iliyokuwa imefika Moshi 1911.

Kwa hiyo stesheni hii ilizaliwa na vita, ndipo ikapewa kazi ya amani: mkonge wa Mwatate na Taveta, abiria, na mizigo ya kuvuka mpaka.

Wengi husema barabara ndiyo iliyoiua. Barabara ilimalizia tu. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, shirika la reli la pamoja likagawanywa, na Tanzania ikafunga mpaka hadi 1983. Njia iliyokuwa ikiunganisha nchi mbili ikabaki imekatwa kichwa. Na stesheni ndogo kwenye njia moja kazi yake kubwa ni kupisha treni: huyu aingie njia ya pembeni, yule apite. Pasipo treni ya pili, stesheni masta hana la kufanya.

Msimamo wangu: reli isiguswe, ardhi ya reli isigawanywe, na jengo litengenezwe likiwa sehemu ya njia.

Chuma ni Mali

Ndugu Tuta, historia umeieleza vizuri, lakini tupige hesabu. Reli nyepesi ya aina hii ni ratili 50 kwa yadi, yaani kilo 24.8 kwa mita. Ziko mbili, kwa hiyo kila kilomita ina tani 49.6. Kwa kilomita 110 ni kama tani 5,450 za chuma, bado hujahesabu mataruma, yale mapau ya kulaza reli juu yake. Mali hiyo inaliwa na kutu na wezi. Januari 2022 serikali ilisimamisha biashara ya chuma chakavu nchi nzima kwa sababu ya uharibifu wa milingoti ya umeme. Reli iliyolala porini bila mlinzi itapona vipi? Afadhali ing'olewe kwa utaratibu, fedha ziingie kwenye maji na shule za Taita Taveta, kuliko kuondoka usiku kipande kwa kipande. Stesheni ibaki, sina ugomvi nayo.

Tuta la Reli

Hesabu yako ni sahihi, ila umehesabu upande wa mapato tu. Kung'oa kuna gharama zake: boliti zilizoshikana kwa kutu hazifunguki kwa spana, zinakatwa kwa gesi. Vipande vinapakiwa kwa winchi na kubebwa kwa lori, tena kutoka mahali ambapo tuta la reli halina njia ya gari pembeni. Ukitoa hayo, kinachobaki kinauzwa kwa bei ya chakavu, si kwa bei ya reli.

Pia reli iliyolala haijafa. Tazama hapo hapo inakoelekea. Njia ya Tanga–Moshi upande wa Tanzania ilikaa zaidi ya miaka 20 bila treni ya abiria. Julai 2019 treni ya mizigo ikarudi, Desemba mwaka huo ikarudi ya abiria hadi Moshi, na 2020 ikafika Arusha. Treni hizo hupita Kahe. Hapa Kenya njia ya Nanyuki nayo ilifufuliwa 2020. Zote mbili ziliwezekana kwa sababu tuta, madaraja na ardhi vilikuwa bado vipo. Ukishang'oa chuma, mwaka wa pili kuna mahindi juu ya tuta, wa tano kuna vibanda, na kuirudisha ardhi ile itakuwa kesi za mahakamani.

Ekseli

Naunga mkono kutong'oa, lakini tusidanganyane kuhusu treni. Reli ya ratili 50 haibebi kila injini; kinachoamua ni uzito unaoangukia kila ekseli, yaani mtaimbo unaounganisha magurudumu mawili. Enzi za mvuke, injini kubwa za Garratt za daraja la 59 zilizovuta mizigo kati ya Mombasa na Nairobi zilikuwa na uzito wa tani 21 kwa ekseli. Ukiiingiza moja hapa reli inapinda. Za daraja la 60, tani 11 kwa ekseli, ndizo zilizotengenezewa njia kama hii. Kwa hiyo anayesema "rudisheni treni" aseme ni treni gani. Ya makontena inadai reli mpya, kokoto mpya na madaraja yapimwe upya. Kiberenge cha watalii au behewa jepesi la abiria kwa mwendo wa kilomita 20 au 30 kwa saa ni jambo jingine, na linaweza kuanza na kipande kifupi tu kuzunguka Maktau.

Utaratibu wenyewe ndio huu, na mpangilio wake usigeuzwe. Kwanza maji. Fukua makalavati yote, yale mapito ya maji chini ya tuta, kabla ya kugusa reli. Kalavati likijaa mchanga, mvua moja kubwa hupanda juu ya tuta, inakata udongo chini ya mataruma, na reli inabaki ikining'inia. Kwa macho ya anayetembea juu yake inaonekana nzima. Ekseli ya kwanza ndiyo itakayomwambia ukweli. Pili, fyeka vichaka na kung'oa visiki, maana mizizi huinua taruma. Tatu, gonga kila taruma la chuma kwa nyundo: linalolia vizuri linabaki, linalotoa sauti ya bati lililooza linatolewa. Yakipangwa kila sentimita 70 ni kama 1,430 kwa kilomita, na hayaozi yote. Kazi ni kuhakikisha yaliyooza hayafuatani. Nne, pima upana kati ya reli mbili kwa kipimo kiitwacho geji. Ni milimita 1,000, na ukipanuka sana kwenye kona gurudumu linadondoka ndani.

Tano, na hili ndilo husahaulika, fungua viungo. Reli ya mita 12 hurefuka karibu milimita 4 joto la chuma likipanda nyuzi 30. Nafasi kati ya reli na reli ndiyo inayopokea urefu huo. Grisi ikikauka na vyuma vya kiungo vikashikana, reli haina pa kwenda, inajipinda upande saa nane mchana jua likiwa kali. Fungua, safisha, paka grisi, kaza tena.

Mghoi

Samahani ndugu zangu, mnazungumza chuma na ekseli, nami nataka kuuliza: mkishaihifadhi stesheni, mtamweleza nini anayeitembelea? Maana watalii wa vita wanaopelekwa Maktau huonyeshwa ngome, kisha huambiwa habari za Wilbur Dartnell, ofisa aliyekufa hapo karibu tarehe 3 Septemba 1915 kwa kukataa kuwaacha majeruhi wake, akapewa nishani ya Victoria Cross na kuzikwa Voi. Ni habari ya kweli, na alistahili. Lakini si habari yote.

Mwaka huo huo wa 1915, Wajerumani walipoushambulia mlima Kasigau, Waingereza waliwatuhumu watu wa Kasigau kuwa wamewasaidia adui. Wakawakusanya kijiji kizima kizima, wazee na watoto, wakawahamishia Malindi. Wengi walikufa huko kwa malaria. Waliosalia walikaa uhamishoni miaka mingi, na katika miaka ya 1930 ndipo waliporuhusiwa kurudi kwenye mlima wao. Watu hawa walilipia vita ambayo hawakuianzisha. Maktau pia kuna makaburi ya wanajeshi wa India, na kuna wapagazi Waafrika waliobeba mizigo kuanzia pale reli ilipoishia, wengi wao bila kaburi lenye jina. Kibao cha stesheni kikitaja ofisa mmoja na kuwanyamazia hao, mimi nitasema heri ibaki gofu.

Tuta la Reli

Dada Mghoi, hapo sina la kupinga. Na hiyo ndiyo sababu nasema jengo lisitenganishwe na njia: reli yenyewe ndiyo inayoeleza kwa nini kambi ilikuwa pale na wapagazi walianzia wapi.

Fundi Chokaa

Mkifikia jengo, naomba lisiguswe na mtu mwenye mfuko wa saruji kabla ya haya kuzingatiwa.

Majengo ya stesheni ndogo za zama zile ni ya aina mbili: fremu ya mbao iliyovikwa mabati, au mawe yaliyoshikwa kwa chokaa. Yote mawili, paa kwanza. Bati lililotoboka kidogo lizibwe au libadilishwe kabla ya ukuta. Msumari au skrubu ipigwe juu ya mgongo wa bati, kamwe si bondeni maji yanapopita, na iwe na washa ya mpira.

Ukuta wa chokaa ukizibwa kwa saruji unaharibika haraka kuliko ukiachwa. Saruji haipumui, unyevu unaopanda kutoka ardhini unakwama nyuma yake, chumvi inasukuma, na baada ya misimu michache plasta inadondoka pamoja na uso wa jiwe. Tumia chokaa iliyozimwa kwa maji na kuachwa ikomae, kipimo kimoja kwa vitatu vya mchanga safi wa mtoni usio na chumvi. Kwaruza kiungo kina cha sentimita 2 hivi, lowesha jiwe, jaza kwa tabaka zisizozidi milimita 10. Kule nyikani adui ni upepo mkavu: chokaa inakauka kabla haijashika, ukiigusa inakuwa unga. Funika kwa magunia mabichi na uyaloweshe asubuhi na jioni kwa wiki nzima. Anayeharakisha hapa atarudia kazi.

Kwa mbao, tafuta vichuguu vyembamba vya mchwa kwenye misingi, vibomoe, na ushushe udongo wa nje uwe angalau sentimita 15 chini ya mbao. Ukimwaga dawa huku udongo ukigusa mbao, mchwa watarudi.

Chuma ni Mali

Nimewasikia. Sawa, reli isiuzwe. Lakini bado swali langu la ulinzi halijajibiwa. Nani atalinda?

Ekseli

Mzee, njia inayotumika hujilinda. Kiberenge kikipita kila wiki, kipande kikikosekana kinajulikana wiki hiyo hiyo. Ranchi za Lumo zimepakana na eneo hilo na zina askari wa wanyamapori tayari, wanalipwa kuzunguka. Kuongeza ukaguzi wa reli kwenye mzunguko wao ni nafuu kuliko kuajiri kikosi kipya. Lakini kiberenge kisitembee usiku, maana tembo wa Tsavo hutembea juu ya tuta na hawapishi.

Tuta la Reli

Na kuna ulinzi wa kisheria, mzee wangu. Stesheni ya 1915 hailindwi na umri wake, lazima itangazwe. Sheria ya Makumbusho na Turathi za Kitaifa ya 2006 inampa waziri uwezo wa kutangaza nia katika Gazeti Rasmi, kisha kuna miezi miwili ya pingamizi. Ombi likiandikwa, liambatane na ramani inayoonyesha jengo, njia ya kupishana, mabaki ya ngome na makaburi kwa pamoja. Likitaja jengo peke yake, mtu anaweza kung'oa reli hatua tatu kutoka mlangoni na asiwe amevunja sheria yoyote ya turathi.

Shirika la Reli ndilo lenye ardhi, kwa hiyo lisipotia saini mapema pingamizi la kwanza litatoka kwake. Barua ya kwanza iende huko.

Mghoi

Na nakala moja iende kwa wazee wa Kasigau kabla maneno ya kibao hayajaandikwa.