Ibada ya binafsi, chumba kimoja, watoto watatu: mnaipangaje?

MamaWatatu, Kampala
Habari zenu wapendwa. Naomba ushauri wa vitendo, kutiana moyo tumeshatiana sana. Tunakaa kwenye muzigo, yaani nyumba ya kupanga ya chumba kimoja, pazia katikati. Watoto wana miaka saba, minne, na wa mwisho miezi tisa, bado ananyonya usiku. Gari la shule linampitia mkubwa saa kumi na mbili kasorobo. Baba yao huwa ameshatoka. Nataka dakika ishirini za Neno na maombi kila siku. Nikiamka saa kumi, mdogo naye macho. Nikingoja usiku, nasinzia mstari wa tatu. Hizo dakika nizitoe wapi?

MzeeRatiba, Jinja
Mama, saa kumi iache. Anayenyonyesha usiku akijikata tena saa nzima ya usingizi hufika siku ya nne au ya tano, halafu anaacha kabisa na kubaki anajilaumu.

Tafuta pengo lililopo tayari. Kwako liko pale gari la shule linapoondoka, kabla wa miaka minne hajaamka. Huku kwetu jua huchomoza kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja mwaka mzima, kwa hiyo chumba bado kina giza na giza hilo linakusaidia. Usiwashe balbu. Chukua taa ndogo ya sola, uigeuze itazame ukuta, usome kwa mwanga unaorudi. Mshumaa au tadooba (kibatari cha mafuta ya taa) karibu na chandarua, hapana, hata kwa dakika moja.

Kinacholimeza pengo hilo ni sigiri, jiko la makaa. Kuwasha makaa mpaka yashike ni dakika kumi na tano hadi ishirini, yaani ibada yako yote. Basi usiku, makaa ya chakula cha jioni yakiwa bado na moto, chemsha maji ujaze thamosi. Asubuhi chai haihitaji jiko. Sare iwe imepigwa pasi, viatu viwe mlangoni, Biblia iwe tayari kwenye kigoda na utepe kwenye ukurasa wa kesho. Ukianza kutafuta kalamu gizani utaangusha sufuria, na hapo kwaheri.

Anza na dakika kumi na tano: mbili za kukaa tu, saba za kusoma, tatu za kuandika sentensi moja, tatu za maombi. Soma Biblia ya karatasi. Ya kwenye simu ni nzuri, ila ujumbe wa WhatsApp hauna adabu.

BintiZaburi, Entebbe
Naongeza kuhusu usomaji, maana wengi wanashindwa hapo, saa haina kosa. Mpango wa kumaliza Biblia kwa mwaka unadai sura tatu na zaidi kila siku. Mtoto akiugua wiki moja una deni la sura ishirini na kitu. Chagua usomaji usio na deni. Mithali ina sura 31: soma sura ya tarehe ya leo, ukikosa jana usirudi nyuma. Zaburi 119 ina mistari 176, lakini imegawanyika mafungu 22 ya mistari minane minane, fungu moja linatosha siku. Marko ni sura 16, ila sura ya 14 ina mistari 72, hiyo igawe mara mbili.

ShangaziArua
Hao wengine wamekupangia saa, mimi nazungumzia huyu wa miaka minne, maana ndiye atakayekuja.

Tenga kitenge kimoja ambacho hukivai kwa kazi nyingine. Kikiwa begani mwa mama, mama haitwi ila kwa mambo matatu: damu, moshi, haja. Mfundishe mchana, mkiwa mnacheza, siyo asubuhi ile ile. Akiamka abaki ndani ya chandarua na vitu vyake viwili vitatu visivyolia: kitabu cha picha, vifuniko vya chupa, mdoli. Wiki ya kwanza umdai dakika tano tu, kisha ongeza mbili kila wiki. Saa ya mishale ukutani inamsaidia kuliko maneno: "mshale mrefu ukifika kwenye tatu, mama anavua kitenge."

Kosa la kawaida ni hili. Mtoto anatokea dakika ya nne, mama anamweleza kwa sentensi kumi kwa nini asije. Amepata alichokuja kukitafuta, kesho atakuja dakika ya tatu. Mshike mkono, usiseme kitu, mrudishe. Na mshale ukifika, vua kitenge hata kama uko katikati ya sala. Ukimdanganya mara mbili, kitenge kinakuwa kitambaa tu.

MwalimuJumapili, Mbale
Shangazi kamaliza. Mimi nadokeza tu ibada ya pamoja: msiiweke baada ya chakula cha jioni. Nyumba nyingi zinakula saa tatu usiku, watoto wameshalala mezani. Iwekeni maharage yakiwa jikoni. Wimbo mmoja, mistari mitano, swali moja, kila mtu sala ya sentensi moja. Dakika saba, basi.

MamaWatatu
Asanteni sana. Shangazi, kitenge nakianza Jumamosi. Na huyu wa miezi tisa akiamka katikati?

ShangaziArua
Mnyonyeshe hapo hapo, mama. Biblia iache wazi kwenye kigoda, ikandamizwe na kijiko kurasa zisigeuke, usome kwa sauti ya chini. Sauti ile ile kila siku huwa inamlaza. Kuandika utaruka siku hiyo.

MzeeRatiba
Na shule zikifunga, gari haliji, pengo linakufa. Usipambane nalo. Hamishia baada ya uji, mkubwa amshike mdogo nje kwenye mkeka. Ukisikia mvua kwenye mabati, waingize ndani kwanza, maana kwa kelele ile hutamsikia mtoto akilia.