Naombeni ushauri: siku moja Roma kwa miguu na watoto na bibi yao

Habari zenu wadau. Tutakuwa na siku moja tu Roma, mimi, mume wangu, mama mkwe ambaye magoti yanamsumbua, na watoto wawili, mdogo ana miaka 3. Nimepanga tuanze Colosseum, ule uwanja wa kale wa Warumi, asubuhi na mapema kabla jua halijawa kali, alafu tutembee mdogo mdogo mpaka Pantheon, lile hekalu la kale lenye kuba, ni kama kilomita moja na nusu hivi, tumalizie chemchemi ya Trevi.

Sasa shida ni yale mawe madogo meusi ya barabarani, kigari cha mtoto kinarukaruka mno, mji mwingine wa kale gurudumu lilishawahi kuchomoka kabisa tukabaki tunakibeba. Nimbebe tu mgongoni au? Maji hayanipi wasiwasi maana zile bomba za mitaani zinatoa maji ya kunywa bure.

Pantheon siiachi jamani, nataka sana mwanangu mkubwa asimame chini ya lile tundu la kwenye kuba aone mbingu. Ila kama ni kupunguza sehemu moja ili mama asichoke, nyie mngeacha ipi? Na hapo katikati tumpumzishe wapi penye kivuli?