Bado tunakadiria damu kwa macho baada ya mama kujifungua, nianzie wapi kubadilisha hii kitu?

sista_wa_usiku

Hamjambo wote. Mimi ni nesi mkunga, niko hospitali moja ya umma hapa Eastlands, jina naliacha, mwaka wa sita sasa leba wodi na mara nyingi ni usiku. Naomba ushauri kwa walio kwa mambo ya utafiti, ama yeyote amewahi kupigania kitu mpaka kaunti ikakubali.

Miezi mitatu imepita, tulikuwa wawili kwa shifti na kina mama saba. Kuna mmoja, huyo alikuwa mtoto wake wa tatu, alijifungua vizuri tu, sindano ya oksitosini ya kukinga damu nyingi akapata, kondo la nyuma likatoka lote, nikaangalia damu nikaona ni ya kawaida, nikaandika mililita 250 kwa faili nikakimbia kitanda kingine juu huko kichwa cha mtoto kilikuwa kimeshaonekana. Kurudi, kama dakika ishirini hivi, ananiambia sista naskia baridi. Midomo ilikuwa imekuwa nyeupe. Nikainua leso. Ilikuwa leso ya maruni na maua meusi, na mkishika leso kama hiyo kwa taa ya usiku hamwezi kujua imekunywa nini, mpaka nilipoifinya ndio nikaona vidole vyangu. Chini yake godoro lilikuwa limeloa. Tukakanda tumbo la uzazi, dripu mbili, TXA (dawa ya kusaidia damu igande), ambulansi, huko mbele akaongezwa damu painti tatu. Alirudi nyumbani kwa watoto wake, namshukuru Mungu sana kwa hilo. Lakini ile 250 bado iko kwa faili na mwandiko ni wangu.

Tangu siku hiyo nimesoma sana. Kuna utafiti unaitwa E-MOTIVE, majibu yalitoka 2023, ulifanyika hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Tanzania na Afrika Kusini, wanawake zaidi ya 200,000 waliojifungua njia ya kawaida. Hospitali nusu ziliendelea na macho kama sisi. Zile zingine mama akishazaa anawekewa chini mfuko wa plastiki wenye mistari ya kupimia, na damu ikizidi matibabu yote yanaanza kwa pamoja bila kungojea hii ishindwe ndio ujaribu ile. Kutokwa damu vibaya (kupita lita moja), kupasuliwa ama kufa kwa ajili ya damu, vyote kwa pamoja vilishuka kwa 60%. Na penye macho tu, karibu nusu ya waliokuwa wanatokwa na damu nyingi hawakugunduliwa, penye mfuko waligundua 93%.

Yaani kina mama wa Kenya walikuwa ndani ya huo utafiti, na wodi yangu haina mfuko hata mmoja. Nilimwambia matroni akasema niandike barua, nikaandika, mwezi wa pili huu hakuna jibu. Sasa nauliza, naweza kuanza kupima mwenyewe ndio niwe na namba za hapa kwetu? Naruhusiwa? Na nikishazipata nazipeleka kwa nani ndio pesa itoke?

mama_pacha_umoja

Sista mimi si mtu wa hospitali lakini nimesoma hii nikalia. Yangu ilikuwa 2019, pacha, na nilijua kuna shida kabla ya mtu yeyote kujua juu nilikuwa naskia inatiririka, haitoki kwa kishindo, inatiririka tu kama mfereji umeachwa wazi kidogo, nikasema, nikaambiwa mama tulia hiyo ni kawaida baada ya kuzaa. Nikasema tena. Mara ya tatu sikuwa na nguvu ya kusema. Simlaumu huyo nesi, alikuwa peke yake, lakini ningekuwa na mstari wa kumwonyesha hangeniambia ni kawaida.

Kwa hivyo ukianza kuandika namba zako tafadhali andika pia kama mama alisema kitu na alisema saa ngapi. White Ribbon Alliance waliwahi kuuliza wanawake milioni 1.2, nchi 114, wanataka nini wakienda kujifungua, na kitu cha kwanza waliomba ni kuheshimiwa, kusikizwa kukiwa ndani. Mkienda kwa kaunti mniite nitakuja niseme yangu, hata nikibeba pacha wote wawili.

matroni_mstaafu

Binti yangu, kwanza pole. Nimezalisha miaka 31 na mimi pia nimeandika 250 nyingi ambazo hazikuwa 250. Tulifundishwa kuangalia na kukadiria, na jicho likiona damu nyingi linapunguza, tena likichoka linapunguza zaidi.

Usingojee mfuko. Tafuta mizani ya jikoni, ile ya dijitali. Pima pedi kavu, pima leso ama kitambaa kikavu, uandike kwa karatasi ubandike ukutani. Baada ya kuzaa pima vikiwa vimeloa, toa uzito wa vikavu, na kila gramu moja hesabu ni mililita moja. Muhimu: maji ya uzazi yasiingie kwa hesabu, kwa hivyo mtoto akitoka tu, ondoa vitambaa vyote vilivyo chini uweke safi, hapo ndio unaanza kuhesabu. Omba pia mama aletewe kitambaa cheupe cha kulalia badala ya leso ya rangi. Mimi niliwahi kuomba hivyo wodi yangu na kina mama walielewa mara moja, walikuja na shuka nzee zilizokatwa katikati.

Angalia na friji yenu. Oksitosini inataka nyuzi 2 mpaka 8, na stima ikipotea usiku kucha unaweza kuwa unadunga dawa ambayo nguvu imeisha na wewe unadhani umemkinga mama. Kuna karbetosini ya kustahimili joto, hiyo haihitaji friji, ilijaribiwa kwa wanawake karibu 30,000 na Kenya ilikuwa ndani, majibu yakatoka 2018 kwamba inakinga sawa na oksitosini. Ulizia kama kaunti inaagiza.

Jambo moja linanitia wasiwasi. Ukianza kupima, visa vya damu nyingi vitaonekana vimeongezeka mwezi wa kwanza, na kuna wakubwa watasema wodi yako imeharibika. Ongea na wenzako na matroni kabla hujapima hata mama mmoja, waambie kabisa namba zitapanda kwa sababu sasa tunaona. Mama akifariki tunapaswa kuripoti ndani ya saa 24 na kukaa chini tuchambue ndani ya siku 7, bila kutafuta wa kulaumu. Waombe mchambue hivyohivyo na wale walioponea, kama huyu wako.

Na ile faili. Usifute 250. Ongeza maandishi chini yake, tarehe ya siku unayoandika, na sahihi.

data_za_afya

Nimefanya kazi ya utafiti wa uzazi kitambo, nijibu hapo kwa kuruhusiwa. Ukipima ili kuboresha huduma ya wodi yenu, na matroni na wasimamizi wamekubali, hiyo ni ukaguzi wa ndani, unaweza kuanza. Siku utakapotaka kuichapisha ama kuipeleka nje kama utafiti, hapo unahitaji kamati ya maadili iliyoidhinishwa na leseni ya NACOSTI (tume ya taifa ya sayansi, ndio wanatoa leseni za utafiti), na usianze kukusanya ukidhani utaomba baadaye, huwa hawakubali. Kwa daftari lako usiandike jina la mama wala namba ya simu, tumia namba tu, kuna Sheria ya Kulinda Data ya 2019 na mambo ya afya ni nyeti.

Pima vitu vichache. Damu kiasi gani, saa ngapi ilivuka mililita 500, saa ngapi dawa ya kwanza iliingia, na nini kilikosekana. Hicho cha mwisho ndicho kitakusaidia zaidi, juu wengi wakisoma E-MOTIVE wanaona mfuko tu. Kule walikofanya vizuri matibabu yote ya pamoja yalitolewa kwa 91% ya waliohitaji, kule kwingine 19%. Mfuko unakuambia kuna shida tu, anayetibu ni wewe na dawa, kwa hivyo barua yako ikiomba mifuko bila TXA na dripu mtapewa mifuko mtakaa mkiangalia damu ikipanda mistari.

Pesa sasa. Afya iko kwa kaunti tangu 2013, na bajeti ina tarehe zake. Waraka wa mkakati wa fedha unafika bunge la kaunti kabla ya 28 Februari, makadirio yenyewe kabla ya 30 Aprili, na lazima wananchi waitwe kutoa maoni. Barua ikifika Juni mambo yameshaisha. Nenda kwa hiyo mikutano na karatasi moja, upande mmoja, na huyo mama wa pacha akae kando yako.

kijana_wa_dandora

Heshima kwa wote lakini wawili kwa kina mama saba, nani atasimama kuangalia mstari? Mke wangu alijifungua mwaka jana na nesi alikuwa anakimbia tu usiku mzima. Shida ni watu, muajiri wakunga kwanza.

sista_wa_usiku

Kaka uko sawa na sitabishana, ripoti ya wakunga duniani ya 2021 ilisema tumepungukiwa na wakunga 900,000 dunia nzima na mimi huwa naskia huo upungufu kwa miguu yangu kila asubuhi. Lakini ndio maana nautaka huo mstari zaidi. Saa ya kwanza natakiwa nimwangalie mama kila dakika 15, na nikiwa nimekimbia kitanda kingine, dadake ama mumewe akiwa pale anaweza kuniita, sista imefika hapa. Leso haimwambii kitu. Nitaomba vyote viwili, watu na mifuko.

Asanteni jamani, Mungu awabariki. Mama Pacha nimekutumia ujumbe. Matroni mstaafu, nimeongea na wenzangu wa usiku wanne, watatu wamekubali, mmoja anaogopa kulaumiwa na namwelewa, tutaongea tena. Mizani nimenunua Kamukunji leo. Matroni wetu amesema nianze Jumatatu na nimletee daftari kila Ijumaa.

Na faili nimeitoa kwa rekodi leo mchana. Chini ya ile 250 nimeandika: damu haikupimwa, ilikuwa nyingi kuliko hii, mama alihamishwa na kuongezwa damu. Nikaweka tarehe ya leo na sahihi yangu.