Mjadala: Je, shairi huru limeiua tanzia (shairi la kumlilia marehemu) ya Kiarabu?

Kinara wa Vina: Shawqi, mshairi wa Misri, alipomlilia mshairi mwenzake Hafiz Ibrahim mwaka 1932 alishika bahari (mizani ya shairi) moja na kina kimoja mwanzo hadi mwisho. Siku hizi mtu akifa, mshairi anamwaga mistari tu, msiba unageuka hotuba. Mfano Msyria Nizar Qabbani: katika shairi lake "Balqis" hakumlilia mkewe wa jina hilo, alipata mwanya wa kuwatukana Waarabu.

Bi Mswafi: Koma hapo hapo! Mke kafa kwa bomu kazini kwake, ubalozi wa Iraki mjini Beirut, nawe unasema mume kapata mwanya?

Kinara wa Vina: Ubalozi ulilipuliwa 82, vita vimepamba moto, Beirut nzima ilikuwa inafiwa. Yeye anafungua shairi na "Shukran lakum", asanteni. Anamshukuru nani?

Mpita Njia: Bomu ni 15 Desemba 1981. La 82 ni shairi. Na hiyo shukrani ni kejeli, ndugu yangu.

Fundi Arudhi: Turudi kwenye swali. "Balqis" ina bahari, tena iitwayo Kamil, ileile ya Shawqi kwa Hafiz. Pima kwa taf'ila, yaani vipimo vya silabi vinavyojenga bahari: *shukran lakum* ni mustaf'ilun, *fahabibati* ni mutafa'ilun, na Kamil inazikubali zote mbili. Shawqi amebanwa: taf'ila tatu kila kipande (nusu ya ubeti), sita kwa ubeti. Qabbani anaweka moja, mbili au zaidi, anakata pumzi inapomkatikia. Wanaomwiga ndio wanaochomeka taf'ila ya bahari nyingine katikati, msomaji akajikwaa.

Bi Mswafi: Arudhi, hayo ya mizani, baadaye. Kinara, Tawfiq mwana wa Qabbani alipofariki 1973 baba akamwandikia shairi, hapo nako alitafuta mwanya?

Kinara wa Vina: Mtoto ni mtoto, usimwingize. Mtazame anavyomlilia Nasser, rais wa Misri, 1970: "tumekuua", anaubebesha umma mzima. Kwake maiti ni jukwaa.

Mpita Njia: Na Darwish, mshairi wa Palestina, je? Katika shairi lake "Jidariyya" la 2000 anajililia mwenyewe baada ya upasuaji wa moyo. Maiti yeye, mliaji yeye, jukwaa la nani?

Kinara wa Vina: Darwish sijamgusa.

Bi Mswafi: Umeulizwa Tawfiq, umekimbilia kwa Nasser! Humo humo ndani ya "Balqis" anamuuliza mkewe kama atagonga mlango baada ya dakika chache, kama atavua koti lake la baridi. Mtafuta jukwaa hangojei mke abishe hodi.

Kinara wa Vina: Koti ni mistari michache, lawama ndiyo shairi lenyewe. Hesabu.

Bi Mswafi: Hesabu wewe, uliyeanza.